Vihusishi na Maneno ya Wakati ya Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili: Mifano kutoka Unguja

Ikisiri

Makala haya yanachunguza makosa ya vihusishi na maneno ya wakati yanayojitokeza mara kwa mara katika Kiingereza cha wanafunzi wa Unguja ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Inadaiwa hapa kwamba makosa hayo hayatokani na uvivu wa mwanafunzi bali yana mantiki yake, na mantiki hiyo inatoka katika Kiswahili chenyewe. Vyanzo vitatu vinabainishwa: hesabu tofauti ya saa na siku, ukosefu wa kihusishi mahali ambapo Kiingereza kinakidai, na neno moja la Kiswahili kubeba kazi za maneno kadhaa ya Kiingereza. Mwishoni inatolewa matini fupi ya kufundishia inayotokana na historia ya Mji Mkongwe.

1.0 Utangulizi

Kila mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha Unguja anazijua sentensi zifuatazo, au ndugu zake. Alama ya nyota inaonyesha kwamba sentensi haikubaliki katika Kiingereza sanifu.

(1) a. *I will come in Friday.
b. *He went to Makunduchi on last Friday.
c. *I live here since five years.
d. *You must pay the fees until Thursday.
e. *I saw him before he has not left.

Mwalimu huzipigia mstari mwekundu, huandika jibu sahihi pembeni, na wiki inayofuata huzikuta tena katika daftari lilelile. Jambo hili linapaswa kututia wasiwasi. Kosa linalorudiwa na darasa zima, mwaka hadi mwaka, haliwezi kuwa bahati mbaya ya mwanafunzi mmoja mmoja. Lina chanzo, na chanzo hicho kisipotafutwa mstari mwekundu hauna kazi.

Katika isimu tumizi suala hili si geni. Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alitetea kwamba ugumu wa lugha ya pili unaweza kubashiriwa kwa kuilinganisha na lugha ya kwanza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1967, S. P. Corder aliligeuza suala hilo upande wa pili: tusiyaone makosa kuwa uchafu wa kufagiliwa, bali tuyasome kama ushahidi wa kanuni ambazo mwanafunzi amejiundia. Makala haya yanachukua mambo yote mawili. Tunalinganisha lugha mbili, kisha tunauliza: mwanafunzi aliyesema hivi alikuwa akifuata kanuni gani?

Unguja ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa hiyo mwanafunzi wa hapa haleti darasani lahaja ya pembezoni bali msingi wenyewe wa lugha hiyo. Aidha, mgongano wa hesabu mbili za wakati una historia ndefu kisiwani humu. Edward Steere, aliyetoa mwongozo wake wa Kiswahili kama kisemwavyo Unguja mwaka 1870, ilimlazimu kuwaeleza wasomaji wake Waingereza namna Waswahili wanavyohesabu saa na siku. Mwanafunzi wetu wa leo anaifuata njia hiyohiyo akitokea upande wa pili.

2.0 Hesabu ya saa na siku

Vitabu vingi vya kufundishia huanza na kanuni ya vihusishi moja kwa moja. Tunaona kwamba huko ni kuruka hatua. Kabla mwanafunzi hajaulizwa atumie kihusishi gani pamoja na saa au siku, lazima ajue ni saa ipi na siku ipi.

2.1 Saa

Unguja ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, na kwa hiyo kuhesabu saa 12 za mchana tangu jua kuchomoza, na saa 12 za usiku tangu jua kuzama, ni utaratibu usio na tatizo lolote. Uingereza, ambako mchana wa Desemba na ule wa Juni hautofautiani kwa dakika bali kwa saa nyingi, utaratibu kama huo usingefaa. Hesabu ya Kiingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita, na juu ya uso wa saa ya mishale nambari inayotakiwa ni ile inayoelekeana na iliyotajwa: tatu huelekeana na tisa, moja na saba, nne na kumi.

Haya yote mwanafunzi anayajua. Tatizo hutokea anapokuwa na haraka, maana hapo hutafsiri neno badala ya saa. Msafiri aliyeandikiwa kwenye tikiti ya boti kwamba chombo kinaondoka saa 7:00, kwa hesabu ya Kiingereza, akaisoma kwa ulimi wa nyumbani, atafika bandarini Malindi saa saba mchana, na chombo kitakuwa kimeondoka saa sita kabla. Hakuna kanuni ya vihusishi itakayomwokoa.

2.2 Mwanzo wa siku

Jambo zito zaidi ni mpaka wa siku. Kwa Kiingereza cha kawaida tarehe hubadilika katikati ya usiku. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyojenga matumizi ya jadi ya Kiswahili cha pwani, siku mpya huingia jua linapozama. Ndiyo sababu usiku wa kwanza wa Ramadhani husaliwa tarawehe kabla ya mchana wa kwanza kufungwa, na usiku wa mwezi ishirini na saba hutangulia mchana wa mwezi ishirini na saba. Kwa hesabu hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao Mwingereza huuita "Thursday night".

Hata hivyo, wazungumzaji wengi wa leo, hasa vijana, husema "Ijumaa usiku" wakikusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwa hiyo katika kisiwa kimoja, na pengine katika nyumba moja, kuna mipaka mitatu ya siku: magharibi kwa hesabu ya jadi, saa sita usiku kwa kalenda ya ofisini, na alfajiri kwa mtu ambaye siku yake huisha anapolala. Lugha imejitengenezea kinga dhidi ya utata huo, nayo ni kirai "usiku wa kuamkia". Usiku wa kuamkia Ijumaa hauna maana mbili.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa kuipitia tafsiri ya maelezo ya mzee mmoja wa shamba. Mzee alikuwa amesema kwamba usiku wa Ijumaa alikuwa kwa mwanawe, mbali na kijiji chake. Mfasiri, kijana mwenye Kiingereza kizuri, aliandika "on Friday night". Watu wengine walikuwa wamemwona mzee huyo kijijini kwake Ijumaa baada ya isha, na kwa hiyo maelezo yake yakaonekana kuwa ya uongo. Mzee hakusema uongo. Alikuwa akiutaja usiku uliotangulia. Kihusishi "on" kilikuwa sahihi kabisa kisarufi, na sentensi nzima ilikuwa na makosa. Lilipoandikwa "on Thursday night" mgongano uliondoka.

Mfano wa hadhara ni tarehe inayojulikana na kila mtoto wa Zanzibar. Mapinduzi yalitokea usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964. Mwanafunzi anayeandika "on the night of 12 January 1964" anamwongoza msomaji wa Kiingereza kwenye usiku wa Jumapili, yaani baada ya tukio. Kiingereza kinachotakiwa ni kama kifuatacho:

(2) a. in the early hours of Sunday, 12 January 1964
b. during the night of 11 to 12 January 1964

Tunapendekeza basi kwamba kirai "usiku wa kuamkia" kifundishwe pamoja na tafsiri zake hizi mbili, wala kisiachwe kama jambo ambalo mwanafunzi atalivumbua mwenyewe.

2.3 Sehemu za siku

Sehemu za siku nazo hazilingani moja kwa moja. Saa kumi ya Kiswahili ni jioni. Mwingereza huiita "four in the afternoon", wala si "evening". Saa moja baada ya jua kuzama, sisi tumo usikuni; Mwingereza bado yumo katika "evening" yake. Ndiyo maana mwanafunzi husema *"at seven in the night", na ndiyo maana pia huamkia kwa "good night" anapoingia ukumbini baada ya magharibi, ilhali kwa Kiingereza maneno hayo ni ya kuagana tu. Alfajiri, kwa upande wake, haina neno moja linalotosha: kama ni kabla ya mwanga, "in the early hours" au "before dawn", kama ni kunapopambazuka, "at dawn".

Kwa upande mwingine, Kiswahili ni tajiri pale ambapo Kiingereza ni maskini. Tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Mwingereza baada ya "tomorrow" hulazimika kusema "the day after tomorrow", kisha "in three days' time". Mwanafunzi anayetafuta neno moja la "mtondo" halipati kwa sababu halipo. Neno "juzi" linahitaji uangalifu zaidi kwa kuwa lina maana mbili: siku moja kabla ya jana, ambayo ni "the day before yesterday", na siku chache zilizopita bila hesabu, ambazo ni "the other day".

3.0 Vihusishi

Kiswahili kina vihusishi vichache. Kazi nyingi ambazo Kiingereza huwapa vihusishi, sisi huzigawa kwa viungo vingine vya sarufi: kiambishi -ni cha mahali, upatanisho wa pa-, ku- na mu-, kauli ya kutendea, na maana ya kitenzi chenyewe. Neno "nyumbani" halisemi kama mtu yumo ndani, yupo, anakwenda au anatoka. Hilo husemwa na kitenzi na upatanisho wake. Mwanafunzi basi anapokuta lugha inayomtaka achague kihusishi kabla ya kila nomino ya mahali na wakati, hukabiliwa na uamuzi ambao hajapata kuufanya maishani mwake.

3.1 "At", "on" na "in"

Linganisha:

(3) a. Nilimwona saa tatu. – I saw him at nine o'clock.
b. Nilimwona Ijumaa. – I saw him on Friday.
c. Nilimwona Julai. – I saw him in July.

Katika Kiswahili nomino ya wakati husimama peke yake katika sentensi zote tatu. Mwanafunzi hachagui kihusishi kibaya kwa sababu kihusishi cha Kiswahili kimempotosha. Anachagua kwa kubahatisha, kwa sababu Kiswahili hakimpi msaada wowote.

Msaada upo, lakini uko katika sarufi ya mahali. Mzungumzaji wa Kiswahili anaihisi tofauti kati ya "nyumbani pana mgeni" na "nyumbani mna mgeni": pa- huonyesha mahali palipodhihirika kama nukta, mu- huonyesha ndani. Kiingereza kinaipanga siku kwa namna hiyohiyo. "At" hushika nukta ya wakati: saa, adhuhuri, alfajiri, magharibi. "In" hushika kipindi ambacho tukio limo ndani yake: mwezi, mwaka, msimu, asubuhi. Kati ya hivyo viwili ipo siku, nayo huchukua "on", kana kwamba tukio limewekwa juu ya siku iliyotandikwa. Mwanafunzi akiambiwa kwamba masika ina mu- na saa ina pa-, huelewa upesi kwa nini ni "in the long rains" na "at four o'clock".

Kanuni hii haimalizi mambo yote. Mambo matatu yanapaswa kutajwa waziwazi. Kwanza, usiku kwa ujumla ni "at night", ingawa asubuhi ni "in the morning". Pili, sehemu ya siku ikitajwa pamoja na siku yake, siku ndiyo inayotawala: "in the morning" lakini "on Friday morning". Tatu, sikukuu huchukua "at" zikiwa majira na "on" zikiwa siku: "at Eid" kwa siku zote za sherehe, "on Eid day" kwa siku ya sala.

Tofauti hizo zinaonekana pia katika majina ya mahali petu. Mtu yuko "at Darajani" anapongoja daladala, "in Stone Town" anapoishi, na "on Unguja" pale Unguja inapotajwa kama kisiwa. Zanzibar ikitajwa kama nchi au mji huchukua "in".

3.2 Pasipo kihusishi

Mwanafunzi akishafundishwa kwamba siku huchukua "on", huipeleka kanuni hiyo mbali kuliko inavyostahili na kutoa sentensi (1b). Kosa hili ni dalili ya maendeleo: mwanafunzi sasa anayo kanuni. Kinachokosekana ni mpaka wake. Kiingereza huondoa kihusishi kila neno la wakati linapotanguliwa na "last", "next", "this" au "every", na hakiwekwi pia kabla ya "yesterday", "today" na "tomorrow". Hapo Kiingereza kinarudi kuwa kama Kiswahili:

(4) a. Ijumaa iliyopita nilikwenda Makunduchi. – Last Friday I went to Makunduchi.
b. Mwaka kesho atahitimu. – Next year she will graduate.

Tahadhari moja: "jana usiku" si *"yesterday night" bali "last night", na "leo asubuhi" si *"today morning" bali "this morning".

3.3 "By" na "until"

Hapa ndipo madhara huwa makubwa. Neno "mpaka" asili yake ni nomino inayotaja mwisho wa eneo, na likiwa kihusishi huonyesha ukomo wa mahali na wa wakati pia. Tunasema "alikwenda mpaka Mkokotoni" na "alingoja mpaka magharibi". Kiingereza kimegawa kazi hizo. Kwa mahali ni "as far as" au "to", hivyo *"I walked until Mkokotoni" haikubaliki. Kwa wakati kuna mgawanyiko mwingine ndani yake:

(5) a. Nitangoja mpaka Alhamisi. – I will wait until Thursday.
b. Ada ilipwe kabla Alhamisi haijapita. – The fees must be paid by Thursday.

Kipimo kizuri ni kukiuliza kitenzi: je, kitendo kinaendelea, au kinatokea mara moja na kwisha? Kungoja, kukaa, kulala na kufunga ni vitendo vya kuendelea, navyo huchukua "until". Kulipa, kufika, kumaliza na kuwasilisha ni vitendo vya mara moja, navyo huchukua "by". Kitendo cha mara moja kikikanushwa hugeuka kuwa hali inayoendelea, na hapo "until" hurudi: "sitafika mpaka Alhamisi" ni "I will not arrive until Thursday".

Anayesoma "applications must reach us by Thursday" akaelewa kwamba mlango unafunguliwa Alhamisi, amepoteza nafasi yake ya masomo kwa ajili ya neno lenye herufi mbili. Neno "by" halifanani na neno lolote la wakati la Kiswahili, na kwa hiyo jicho hulipita. Njia ya kulifahamu ni kulifafanua, si kulitafsiri: siku hiyo ni ya mwisho, na kabla yake ni bora.

3.4 "For", "since" na "ago"

Maneno haya matatu yanahusu muda uliopita, nayo hutenganishwa na swali moja: linalofuata ni urefu au ni mwanzo?

(6) a. Ninakaa Mkunazini tangu mwaka 2010. – I have lived in Mkunazini since 2010.
b. Nilikaa Mkunazini kwa miaka kumi. – I lived in Mkunazini for ten years.
c. Nilihamia Mkunazini miaka kumi iliyopita. – I moved to Mkunazini ten years ago.

"Since" hudai mwanzo, "for" hudai urefu, na "ago" huhesabu kurudi nyuma kutoka sasa na kusimama baada ya nomino, mahali ambapo sisi huweka "iliyopita". Ugumu wa (6a) uko katika njeo zaidi kuliko kihusishi. Kiswahili huridhika na -na- kwa kuwa ukaaji unaendelea. Kiingereza hudai hali timilifu kwa kuwa ukaaji ulianza zamani. Sentensi (1c) ina makosa mawili kwa wakati mmoja, na mwalimu anayesahihisha "since" peke yake amefanya nusu ya kazi.

Ikumbukwe pia kwamba "saa mbili" ina maana mbili. "Nilimngoja saa mbili" yaweza kuwa "at eight o'clock" au "for two hours". Mzungumzaji huondoa utata kwa kusema "kwa muda wa saa mbili". Anayetafsiri lazima kwanza aamue ni ipi.

3.5 "In", "within" na "after"

Kirai "baada ya saa mbili" humfanya mwanafunzi aandike "after two hours" kila mara. Tukio likiwa mbele yetu na hesabu ikianzia sasa, Kiingereza hupendelea "in": "the ferry leaves in two hours". "After" hufaa hesabu inapoanzia tukio jingine, hasa katika masimulizi: "after two hours he gave up". "Within two hours" ni jambo la tatu: wakati wowote kabla saa mbili hazijatimia. Muuguzi anayemwambia mgonjwa arudi "within two days" anamhimiza. Mgonjwa aliyeelewa "baada ya siku mbili" amechelewa.

Vilevile "on time" na "in time" si kitu kimoja. Boti iliyoondoka saa iliyopangwa imeondoka "on time". Abiria aliyefika kabla haijaondoka amefika "in time".

3.6 Kabla na wakati ujao

Sentensi (1e) ni kielelezo kizuri cha mantiki ya Kiswahili. Sisi husema "kabla hajaondoka", na ukanushi huo una maana: wakati huo kuondoka kulikuwa bado. Kiingereza husema "before he left", bila ya ukanushi. Hali kadhalika "atakapofika kesho" ina alama ya wakati ujao, lakini Kiingereza hudai "when he arrives tomorrow", si *"when he will arrive". Na kiambishi -ki- katika "akifika" hufunika "if" na "when" kwa pamoja. Ahadi na shaka ni vitu viwili mbali, na anayeandika barua lazima aamue anakusudia kipi.

4.0 Matini ya kufundishia

Tunapendekeza kwamba vihusishi vya wakati vifundishwe kwa masimulizi yenye saa na tarehe halisi, mahali mwanafunzi anapopajua. Kisa cha tarehe 27 Agosti 1896 kinafaa sana, kwa kuwa kilitokea Forodhani, mbele ya Beit-al-Ajaib, na karibu kila hatua yake ina saa. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia kasri siku hiyohiyo. Waingereza walimtaka atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27. Hakutoka. Mizinga ya manowari ilianza kupigwa saa tatu na dakika mbili, ikaendelea kwa muda wa dakika 40 hivi. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akakaa humo mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Wanafunzi wajaze nafasi:

(7) Sultan Hamad died (a) ... 25 August 1896. Khalid entered the palace (b) ... that same day. He was told to leave (c) ... nine o'clock (d) ... the morning. The ships opened fire (e) ... two minutes past nine and went on firing (f) ... about forty minutes. The war was over (g) ... less than an hour. Khalid stayed in the consulate (h) ... the beginning of October.

Majibu ni: "on", "on", "by", "in", "at", "for", "in", "until". Nafasi (b) inafaa kujadiliwa, kwa kuwa "that same day" bila kihusishi pia hukubalika. Nafasi (c) ndiyo kiini cha somo. Mwanafunzi aweke "at", kisha "until", kisha "by", na kila mara aeleze amri hiyo ingemtaka Khalid afanye nini. Kwa "at" angetakiwa atoke saa tatu kamili. Kwa "until" sentensi haina maana inayokubalika. Kwa "by" alikuwa na ruhusa ya kutoka wakati wowote tangu alipopewa onyo, na saa tatu ndiyo ilikuwa mwisho. Dakika mbili baada ya mwisho huo mizinga ililia. Darasa lililojadili hivyo halihitaji kukaririshwa tofauti ya "by" na "until".

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba makosa ya wakati yana safu mbili. Safu ya juu ni ya vihusishi, nayo inaweza kufundishwa kwa kulinganisha sarufi za lugha mbili. Safu ya chini ni ya hesabu yenyewe ya saa na siku, nayo husahaulika kwa sababu sentensi zake zinaonekana sahihi. Mwalimu hazipigii mstari mwekundu, na hivyo ndizo za hatari zaidi.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, katika vyuo na shule zetu, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili wafanye kazi kwa pamoja katika mada hii, maana mwanafunzi asiyeijua kazi ya pa- na mu- katika lugha yake hana pa kushikilia katika lugha ya pili. Pili, "by" na "usiku wa kuamkia" vipewe vipindi vyake maalumu, kwa kuwa gharama ya kuvikosea hulipwa nje ya darasa. Tatu, wanaofundishwa kufasiri nyaraka za ushahidi na za hospitali wazoezwe kumuuliza msemaji, kabla ya kuandika siku yoyote, kama usiku anaoutaja ulitangulia mchana wake au ulifuata. Ni swali la nusu dakika. Yule mzee wa shamba, lau angeulizwa, asingedhaniwa mwongo.